Pipa la Kunyweshea Pampu

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Mke wangu ameniita kiguu na njia tangu tulipooana, na watoto wetu wamekua wakimwona baba yao akinywa chai amesimama, kikombe mkono huu, mkono ule ukipapasa mfukoni kutafuta funguo. Nilizaliwa hivyo, sikatai, lakini kazi nayo imechochea. Mwendesha pampu ya kijiji halazi masikio. Niko shambani, niko msikitini, niko kwenye sahani ya ugali, sikio moja limebaki kwenye kibanda cha pampu, linasikiliza kama mlio ni uleule wa jana. Mlio ukibadilika kidogo tu, nainuka. Mara nyingi ni upepo. Narudi nimetahayari, nakaa, nainuka tena.

Kwetu ni Mashewa, upande wa Korogwe, chini ya milima, ambako mtu akichimba shimo la nguzo anaweza kukuta tope. Nilikuja kuoa huku Handeni, kijiji kilicho mbele ya Kwedizinga, na watu wa huku hawajachoka kunitania. "Shemeji," wananiambia, "kwenu maji yanamfuata mtu, huku mtu anayafuata maji." Nacheka nao. Wanasema kweli tupu.

Pampu yetu ni kuukuu. Kabla ya kuletwa huku ilitumika kwenye shamba la mkonge, na bado ina rangi ya kijani iliyobanduka ya huko ilikotoka. Mota yake imesimama wima juu ya mdomo wa kisima. Kutoka kwenye mota, shafti, yaani chuma kirefu kinachozunguka, inateremka ndani ya bomba hadi chini kabisa yaliko maji, na huko kuna mapangaboi yanayoyasukuma kuja juu. Njiani kote shafti imeshikwa na bushi, pete za mpira, ili isicheze. Bushi hizo hazipakwi mafuta. Kilainishi chake ni yale maji yanayopanda. Sasa shida iko hapa: kisima ni kirefu, na pampu ikilala, maji yanabaki chini kabisa na mipira ya juu inakauka kama mdomo wa mfungaji alasiri. Ukiwasha hivyohivyo, mpira unasuguana na chuma kikavu, unaungua. Kwa hiyo kabla ya kuwasha unafungulia maji safi kutoka juu, yateremke kando ya shafti, yalowanishe kila mpira, ndipo unabonyeza swichi. Tuna pipa la kazi hiyo ndani ya kibanda, limekalia matofali, na koki yake iko chini kabisa.

Wageni hucheka sana. Kumbe pampu ya maji nayo inanyweshwa maji! Wahandisi wanaopita hutikisa vichwa na kusema tutafute pampu ya kuzama, mambo ya mapipa yamepitwa na wakati. Nawaitikia ndiyo, ndiyo, kisha nakwenda kujaza pipa langu.

Niseme habari ya mama mkwe. Huku, kwa watu wa umri wake, mkwe ni mtu wa kustahiana. Tukikutana njiani mimi nashuka pembeni, natoa shikamoo nikitazama chini, naye anavuta kanga usoni na kuitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Hatuli pamoja. Hatuzungumzi ana kwa ana. Akiwa na la kuniambia humwambia mwanawe, hata kama nimesimama palepale: "Mwambie baba, bati linavuja." Mke wangu hugeuka na kuniambia bati linavuja. Siku moja hapakuwa na mtu uwanjani ila mimi na mbuzi aliyefungwa kigingini. Akamwambia mbuzi, "Wewe, mwambie baba kuku wameingia ghalani." Nikaenda kuwatoa kuku. Kwa mtu mwenye haraka kama mimi, mzunguko ule wa maneno ulikuwa mateso. Lakini nilimpenda yule mama. Ndani ya heshima ile mlikuwa na upole ambao sikuupata kwa watu niliobishana nao kutwa nzima.

Alikuwa akiishi na mke mwenziwe. Mume wao alikwisha kufariki zamani, nao wakabaki wajane wawili, uwanja mmoja, majiko mawili, mitungi miwili. Waligombana juu ya kila kitu: kuni, kivuli, jogoo yupi wa nani. Na waliazimana maji. Huku kwetu maji ya kiangazi hayaombwi hivihivi, yanaazimwa. Ukipungukiwa unakwenda kwa jirani na ndoo yako, anakujazia; ukipata, unarudisha kwa ndoo ileile, imejaa vilevile, bila kukumbushwa. Mtu anayerudisha ndoo pungufu hukumbukwa kwa hilo mpaka kwa wajukuu zake. Wale wajane wawili, waliolala kuta zinazogusana, walirudishiana maji kwa ndoo iliyojaa pomoni, na bado mmoja angechungulia na kuguna.

Kiangazi kile umeme ulikatika. Nguzo zilianguka huko porini na mafundi wakawa wanaahidi kesho, keshokutwa. Tangi la kijiji likakauka. Watu wakarudi kwenye lambo, lile bwawa la mvua tunalonywesha ng'ombe, ambalo wakati ule lilikuwa limebaki uji wa kijivu, ng'ombe wamesimama humohumo ndani. Maji safi yaliyobaki kijijini yalikuwa yale ya pipa langu. Hakuna aliyeyagusa. Watu walijua kwamba bila hayo, umeme hata ukirudi, pampu haiwashwi.

Mimi nikaona siwezi kukaa kungoja mikono mitupu. Nikaenda Korogwe kutafuta kamba za kuzibia shingo ya pampu, maana ilikuwa ikivuja. Kumbe kamba zenyewe zilikuwa zimekwisha dukani, nikaambiwa zinakuja. Nikangoja huko, natembea barabara nzima ya maduka kwenda na kurudi. Zilipofika, nimezishika tu, mke wangu akapiga simu. Yule mke mwenza wa mama amefariki. Aliamka vizuri, akaota jua, akaegemea ukuta, basi. Nikadandia pikipiki nikiwa bado na kamba mkononi, nikafika watu wakiwa wamekwisha kuswali, jeneza liko mabegani. Tukazika.

Matanga hayajaisha, umeme ukarudi. Nakumbuka redio ya jirani ikilia ghafla na watu waliokaa mkekani wakainuka kwa furaha, kisha wakakumbuka wako msibani wakakaa tena. Mimi sikukaa. Nilikimbia. Pipa nilikuta limejaa hadi juu, nikalipapasa kwa shukrani, nikafungulia koki, maji yakateremka. Nikabonyeza swichi. Mota ikaanza vizuri. Kabla maji hayajafika hata kwenye tangi nikasikia mlio mwingine, kama mtu anayekokota sufuria kwenye saruji, halafu harufu ya mpira. Nikazima. Nilipojaribu kuizungusha shafti kwa mkono, haikwenda. Imeshika.

Nilitukana. Nilitukana pampu, mkonge, umeme, na wahandisi wote kwa ujumla. Watu waliokuja na madumu yao wakanitazama tu.

Kuitoa pampu kama ile ardhini si kazi ya mtu mmoja. Wanaume wa kijiji walisimamisha mihimili mitatu ya chuma, tukafunga winchi ya mnyororo, tukaanza kuvuta bomba juu, kipande baada ya kipande, kila kipande kinafunguliwa, kinalazwa kwenye nyasi, kinafuata kingine. Chini ya jua lile ilikuwa kama tunamtoa nyoka asiye na mkia. Vipande vya juu ndivyo vilivyokuwa na ugonjwa. Mipira imeungua imegandamana na shafti, na shafti yenyewe imechimbika mistari, imepinda. Na katika mifereji ya mpira, mahali maji yanapopaswa kupita, mmejaa tope laini la kijivu. Nikalichukua kwa kidole, nikalinusa. Lilinuka ng'ombe.

Kila mtu pale alijua tope lile ni la wapi. Kisima chetu hakina tope la kijivu. Nikarudi kwenye pipa, nikalitikisa. Chini lilikuwa na utando uleule. Ndipo nikaelewa. Koki iko chini, tope huzama chini, kwa hiyo nilipofungulia, kilichotangulia kuteremka kwenye mipira yangu kilikuwa tope la lambo. Nikasimama mlangoni mwa kibanda nikapaza sauti kwamba aliyetia maji ya ng'ombe kwenye pipa ajitokeze, na kwamba nikimpata nitamnywesha tope lenyewe. Hakuna aliyejitokeza. Wanaume waliangalia mnyororo.

Mke wangu ndiye aliyeniambia, tukiwa nyumbani, akiwa ameshika fagio na hafagii.

"Ni mama," alisema. "Na ufunguo wa kibanda nilimpa mimi."

Nikakaa. Mara moja hiyo, nilikaa.

Akanisimulia. Walipotaka kumwosha marehemu, maji yaliyokuwapo yalikuwa ya lambo. Wanawake waliyachuja kwa kanga, bado yakawa mazito, bado yananuka. Mama akasema, "Mwenzangu haoshwi na maji ya ng'ombe." Akaja kuomba ufunguo. Wakachota kwenye pipa, wakamwosha mwenziwe kwa maji safi, wakamvika sanda. Na kabla hajakaa mkekani kupokea rambirambi, mama alishika njia ya lambo na ndoo kichwani, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, mpaka pipa likajaa kama alivyolikuta. Alikuwa ameazima, akarudisha. Ndoo zilizojaa. Mke wangu alipomuuliza kama yale maji yatafaa, alimjibu, "Chuma hakina ulimi. Kitajuaje?"

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza mke wangu.

"Nilidhani mama amekwisha kukutumia mtu. Mama alidhani hakuna la kuambiwa, deni limelipwa. Na yeye angekuambiaje, wewe mkwewe, habari za kuosha maiti?"

Hasira niliyokuwa nayo ilikosa mahali pa kwenda. Angekuwa mtu mwingine ningemfuata uwanjani kwake nikabwata mpaka sauti ikakauka, ningerudi mwepesi. Lakini mama mkwe hafokewi, hata hatazamwi machoni. Nikatoka nikazunguka kibanda cha pampu, nikarudi, nikatoka tena. Na katikati ya kuzunguka huko nikajikuta nafikiri kwamba ningekuwa mimi, na marehemu ni mtu wangu, ningechota pia.

Habari zilimfikia mama. Kijiji hakina mlango. Hakuna aliyemkemea, maana kila mwanamke aliyekuwa kwenye chumba kile cha kuoshea alijua kilichofanyika na alikubaliana nacho. Pengine wangemkemea ingekuwa afadhali. Kesho yake alfajiri alichukua ndoo akaenda lambo. Akarudi, akayamimina mtungini, akaponda mbegu za mlonge akazitia ili tope litulie, akangoja, akayachuja kwa kanga, akayapeleka nyumba ya jirani wa kwanza. "Maji yenu," alisema, akaondoka. Kisha nyumba ya pili. Kisha ya tatu. Alikuwa amejihesabia kwamba amekinyima kijiji kizima maji, na anakirudishia nyumba kwa nyumba.

Jirani mmoja alimkatalia, akamwambia, bibi pumzika, hakuna anayekudai. Alimjibu kwa ukali: "Dawa ya deni kulipa." Akaacha ndoo mlangoni.

Mwanzoni niliona ni ukaidi wa huzuni, utapita. Mke wangu ndiye aliyeona mbele zaidi. Alikuwa amekwenda kumsaidia mama kufagia, akakuta kanga nzuri zimekunjwa na kugawanywa mafungu, hili la binti huyu, hili la yule. Sufuria aliyoazima mwaka uliopita imerudishwa. Jogoo waliyekuwa wakimgombania amepelekwa kwa mtoto wa marehemu. Alirudi nyumbani akaniambia, na sauti yake haikuwa ya kawaida: "Mama anamaliza madeni yake. Anataka amfuate mwenziwe akiwa hana anachodaiwa na mtu. Na kwa njia ile ya lambo, atampata upesi."

Nikaelewa kwamba haraka yangu yote ya maisha ilikuwa mazoezi ya jambo hili. Pampu ilipaswa kulia kabla yule mama hajaanguka.

Nikaisafirisha shafti Korogwe, pamoja na mipira iliyoungua ili wapate kipimo. Kuna duka pale mjini la familia ya Kihindi, wameuza vyuma na mabomba tangu babu yao, na nyuma ya duka kuna karakana yenye mashine ya kukereza vyuma. Mzee wa duka ananifahamu. Alizungusha shafti juu ya vigingi, akaitazama inavyoyumba, akasema itanyooka lakini si leo. Nikamwambia leo. Akasema, "Bwana, chuma ukikiharakisha kinakudanganya. Kinanyooka mbele yako, ukifika nyumbani kimepinda." Akaagiza niletewe kiti na chai. Nikainywa chai nimesimama, kiti nikakiwekea kofia.

Siku zile za Korogwe nisingependa kuzirudia. Nilitembea mpaka daraja la mto nikasimama kuutazama. Maji mengi, mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita zake kwenda Pangani bila kuulizwa na mtu, na huko nyuma yangu mwanamke mzee anapanda kilima na ndoo ya uji wa ng'ombe. Niliukasirikia mto. Ni upumbavu, najua, lakini niliukasirikia kama mtu ninayemjua kwa jina. Nikarudi karakana, nikakuta fundi anakunywa soda, nikamtazama mpaka akaiweka chini.

Mke wangu akapiga simu. Mama ameanguka njiani. Goti limevimba. Wamemfunga kitambaa, wamemkanda, wamemwambia alale.

"Amelala?" nikauliza.

"Amekwenda lambo. Sasa anatumia fimbo."

Nilitaka kuondoka saa ileile bila shafti. Mzee wa duka alinishika mkono akauliza kuna nini, nikamweleza yote nikiwa nimesimama katikati ya duka lake, wateja wananisikiliza. Akaingia karakana, nikamsikia anazungumza na fundi kwa lugha yao na kwa Kiswahili, na kutoka hapo mashine haikuzimwa mpaka kazi ikaisha. Nilipokuwa napakia shafti kwenye lori la mahindi lililokuwa linarudi tupu, akaniletea madumu ya maji safi, akayapanga mwenyewe. "Ya kunyweshea pampu yako," akasema. "Usije ukatia tena uji."

Kwa hiyo nilirudi na kila kitu: shafti iliyonyooka, mipira mipya, kamba nyingine, maji safi. Tulipopita Kwedizinga nilikuwa nimekwisha kupanga moyoni: tutateremsha bomba, nitajaza pipa kwa madumu haya, nitawasha, mambo yamekwisha. Kabla ya kuingia kijijini tukamkuta mama mkwe barabarani. Dereva akapunguza mwendo. Alikuwa anachechemea, goti limefungwa kitambaa, ndoo kichwani, fimbo mkononi, na hakugeuka kuliangalia lori. Alishuka pembeni kama ninavyoshuka mimi nikikutana naye. Alitupisha.

Niliumia vibaya sana. Nikajua kwamba nikiwasha pampu kwa maji ya Korogwe, tutapata maji, na yeye atabaki vilevile. Atakuwa mtu aliyeiua pampu, na wengine wakaifufua bila yeye. Atamalizia nyumba zilizobaki, kisha atajilaza.

Tuliteremsha bomba kipande kwa kipande, wanaume walewale, mnyororo uleule. Shafti ikazunguka kwa mkono, laini. Madumu yalikuwa yamepangwa kivulini na kijiji kizima kimeyaona. Nikamwambia mke wangu ayapeleke shule. Alinitazama muda mrefu.

"Yote?"

"Yote."

"Na pipa?"

"Nakwenda kuazima."

Nikachukua ndoo nikaenda uwanjani kwa mama mkwe. Alikuwa amekaa chini, goti limenyooshwa mbele, na mbele yake kumepangwa ndoo na mitungi yenye maji ya lambo aliyoyatuliza kwa mlonge, zimefunikwa kanga, maji meupe kabisa, unaweza kuona chini ya ndoo. Ilikuwa kazi ya siku kadhaa. Mke wangu alikuwa amekwenda shule na madumu. Hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno. Nikapiga magoti, nikatazama ardhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekuja kuazima maji. Pampu imekauka, na sina."

Nilisikia kanga ikisogezwa. Miguu yangu ilitaka kuondoka.

"Yale madumu ya Korogwe?" aliuliza. Aliniuliza mimi. Hakumtafuta mtu wa kumpitishia.

"Yale ni ya shule."

Nafikiri alinitazama, sijui, mimi nilikuwa natazama mchanga. Kisha akasema, "Beba."

Tulibeba, mimi na wanaume niliowaita. Naye akaja nyuma yetu na fimbo yake, akaingia kwenye kibanda ambacho hajawahi kuingia nikiwa ndani. Kila ndoo ilipomiminwa aliinama kuangalia chini ya pipa. Ndoo ya mwisho aliimimina mwenyewe. Nikamwonyesha koki kwa kidole, naye akaifungua. Maji yakateremka kando ya shafti, tukayasikia yakienda chini, chini, mpaka sauti ikapotea. Nikabonyeza swichi.

Mlio ulikuwa safi. Nikahesabu pumzi zangu nikakosea. Halafu bomba likatetemeka, likakohoa hewa, na kule kwenye tangi watu wakapiga vigelegele. Nilifurahi hata nikamkumbatia mwanamume aliyekuwa karibu nami, ambaye kwa kawaida hatupatani. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ameondoka.

Jioni ileile, jua bado liko juu ya miti, nilijaza ndoo kwenye bomba la kijiji, nikaijaza pomoni kama inavyotakiwa, nikaibeba begani kwenda kwake. Mimi deni silipendi, linaniwasha. Nilikusudia kurudisha ndoo zote kabla ya magharibi, moja baada ya moja. Nilimkuta mlangoni, goti limenyooshwa, mke wangu anampaka dawa. Nikaweka ndoo chini, nikamwambia mke wangu, kwa utaratibu wetu wa siku zote, amwambie mama nimerudisha maji.

Mama mkwe hakungoja nipitishiwe. Alinitazama usoni, akaniambia mwenyewe:

"Yarudishe ulikoyatoa. Usinilipe. Nitakuja kuyadai siku ninayotaka mimi, na siku hiyo bado."

Mke wangu akaacha kupaka dawa. Akainamisha kichwa juu ya goti la mama yake, na mabega yake yakawa yanatetemeka. Mimi nikajitwika ndoo yangu begani nikageuka, nikaenda polepole, maji yakinimwagikia mgongoni njia nzima.